Tafiti 18 Zilisema Depo Inaongeza Hatari ya HIV, Kisha Moja Ikageuza Meza: Stori Yote Iko Hapa

Simama stage ya Kawangware 46 ama base yoyote ya Gatwekera pale Kibera, uulize mamanzi watatu wanajua nini kuhusu Depo. Utaskia vitu tatu. Inanenepesha. Inafunga kizazi. Na ya tatu wataisema wakishusha sauti: hiyo sindano inakuletea virusi.

Ya kwanza iko na ukweli kwa wengine. Ya pili ni kuchelewa, si kufunga. Ukiacha sindano, mwili unaweza chukua miezi kadhaa hadi mwaka ndio urudi kawaida. Ya tatu ndio imenileta hapa leo, ju wengi hudhani ni porojo ya foleni ya maji. Si porojo. Hiyo stori ilitoka kwa wanasayansi wenyewe, kwa majarida makubwa duniani, na kuna wakati waliunganisha tafiti 18 na jibu bado likaelekea huko. Kisha 2019 utafiti mmoja, wenye wanawake wa Kisumu ndani, ukageuza meza.

Sasa ilikuwaje? Tafiti 18 zikae upande mmoja, moja ikae upande ule mwingine, na hiyo moja ndio iaminike?

Usidhani hapa unaongea na prof. Chuo niliachia mwaka wa pili karo ikigoma. Lakini hii hesabu haitaki prof, inataka tu utulie.

Kwa nini hii sindano si kitu ndogo

Depo unadungwa mara moja, unasahau miezi tatu. Ripoti ya KDHS ya 2022 ilionyesha kati ya wanawake walioolewa Kenya, karibu 20 kwa kila 100 wanatumia sindano. Ndio njia iliyo juu, na ya mkono inaifuata hapo karibu kabisa.

Lakini namba haikuambii ile siri yake. Kwa keja ya mabati ya kumi kwa kumi, mnalala wanne, utaficha tembe wapi? Sindano haiachi kitu kejani. Unaenda kliniki Laini Saba ama Riruta, unadungwa, kadi unaachia beshte yako, unarudi ukiwa umebeba sukuma. Bwana hajui, mama mkwe hajui. Kuna wanawake wenye hii ndio njia pekee wanaweza tumia bila vita nyumbani. So ukiambia mtu kama huyo "acha Depo, inaleta virusi", humwambii abadilishe brandi ya sabuni. Unamwambia achague kati ya mimba na ugomvi. Na kama hiyo habari ni ya ukweli na ukamficha, umemkosea vibaya zaidi. Ndio maana lazima jibu liwe sawa.

Venye ilianza

Pwani yetu iko ndani ya hii stori mapema. Pale Mombasa, watafiti walifuata wanawake wanaofanya kazi ya ngono kwa miaka 10, na 2004 wakatoa matokeo: wale walikuwa kwa Depo walipata virusi kwa kiwango cha karibu mara mbili (1.8) ukilinganisha na wenye hawakutumia homoni. Zikafuata tafiti zingine. Kuna zenye zilisema hatari ipo, kuna zenye hazikuona kitu.

Kisha Oktoba 2011 moto ukawaka. Utafiti wa kapo 3,790, zote zikiwa na mmoja mwenye virusi na mwingine hana, kutoka nchi saba za Afrika (Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo), ulisema mwanamke anayetumia njia za homoni, sana sana sindano, anakaribia kuwa na hatari mara mbili. New York Times wakaiweka ukurasa wa kwanza. Kutoka hapo ilishuka hadi kwa redio, hadi kwa base, hadi kwa yule mresh wa Kawangware mwenye hajawahi skia jina la hilo gazeti.

Ukiwa na tafiti zinagongana hivyo, kuna kitu wanasayansi hufanya. Wanazikusanya zote, wanazipima, wanazijumlisha, wanatoa namba moja. Kwa vitabu inaitwa meta-analisisi. Sisi tuiite kuunganisha tafiti.

Idea yenyewe ni safi, na hii ndio sababu. Tuseme unashuku smokie za msee fulani wa stage zinaumiza watu tumbo. Unauliza wasee sita wenye walikula jana, mmoja anasema tumbo ilinguruma. Hiyo si kitu. Beshte yako ameuliza nane, wawili. Bado si kitu. Lakini mkiweka pamoja maswali ya mbogi nzima, mitaa kumi, watu elfu moja, ukweli wenye ulikuwa umejificha ndani ya vikundi vidogo unaweza anza kuonekana. Utafiti mdogo unapiga kelele za bahati. Nyingi zikiunganishwa, kelele inashuka.

Hii si nadharia. Kuna sindano ya steroidi hupewa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, ndio mapafu ya mtoto yakomae. Utafiti wa kwanza wenye ulionyesha inasaidia ulitoka 1972. Vikafuata vingine vidogo, vingi vikiwa vidogo sana kiasi kwamba kimoja kimoja havikuweza kuamua kitu, na madaktari wengi wakakaa tu. Mwisho wa miaka ya themanini vikaunganishwa, ikaonekana wazi inaokoa watoto. Shirika la Cochrane, lenye kazi yake ni kuunganisha tafiti za afya, lilichukua hiyo chati likaifanya logo yao. Watoto wangapi walienda kabla mtu aketi chini ajumlishe? Hiyo hukaa kwa akili yangu sana.

Sasa rudi kwa Depo

Mwaka wa 2015 zilitoka kazi mbili kubwa za kuunganisha. Moja ilikusanya tafiti 12 zenye wanawake 39,560, ikapata 1.40. Ya pili ilikuwa kali zaidi kwa sababu hawakujumlisha majibu ya mwisho tu. Waliomba data ya kila mwanamke mmoja mmoja kutoka tafiti 18, wanawake 37,124. Wakapata 1.50.

Hapa ndio watu huangushwa na hedilaini. 1.50 haimaanishi nusu ya wanaotumia Depo watapata virusi. Ni ya kuzidisha. Kama mahali fulani wanawake 4 kwa 100 hupata virusi kila mwaka, 1.50 ingewafanya 6. Kama ni 1, inakuwa 1 na nusu. "Asilimia 50 zaidi" na "wawili zaidi kwa mia" ni kitu kimoja hapo, lakini moja inauza gazeti na nyingine haiuzi.

Pia kila namba hizi hukuja na mwanya wake. Ile ya 1.50 ilikuwa na mwanya wa 1.24 hadi 1.83. Namba ya 1 maana yake hakuna tofauti. Kwa vile mwanya wote ulikaa juu ya 1, mtu angesema hii si bahati, iko kitu hapa. Na ni kweli haikuwa bahati. Kitu kilikuwa hapo. Swali ni kitu gani.

Rudi kwa smokie. Tuseme wale watu elfu moja wenye mliuliza walikula usiku, na wengi wa wale wanakula smokie usiku wametoka kwa keg. Tumbo inauma kwa sababu ya keg, smokie inabeba lawama. Ukiuliza watu wengine elfu kumi usiku huo huo, utapata jibu lile lile, tena na mwanya mwembamba, tena na chati safi. Utakuwa na uhakika mkubwa kuhusu kitu chenye si kweli. Kuunganisha kunaondoa bahati. Keg hakuondoi, ju keg iko ndani ya kila kikundi.

Kwa Depo, keg ni kondomu. Fikiria vizuri. Wanawake wa hizo tafiti 18 walijichagulia njia wenyewe. Kwa wale "hawatumii homoni", kuna wengi wenye njia yao ya kupanga uzazi ni kondomu yenyewe. Yule wa Depo ashatatua story ya mimba, so kondomu inaonekana ni ya nini? Sasa ukiona wa kwanza anapata virusi kidogo, ni sindano ama ni mpira? Watafiti si wajinga, walijaribu kurekebisha hiyo hesabu. Shida ni walirekebisha na majibu ya kuulizwa, "mara ya mwisho mlitumia kondomu?", na wewe unajua venye watu hujibu hilo swali mbele ya mtu na karatasi. Halafu kuna vitu hakuna mwenye aliuliza, kama mpango wa kando wa bwana.

Kitu inanibamba zaidi ni kwamba dokezo lilikuwa ndani ya ile ripoti ya 2015 yenyewe. Waandishi walizigawa zile tafiti 18 kulingana na ubora. Zile nane zenye zilifanywa kwa uangalifu zaidi, ukizitoa kando, namba inashuka kutoka 1.50 hadi 1.22, na mwanya wake unaanzia 0.99, maana yake "hakuna tofauti" imeingia ndani. Yaani kadri utafiti ulivyokuwa msafi, ndivyo lawama ya Depo ilivyopungua. Haikufichwa, iliandikwa wazi. Lakini nani alibeba 1.22 hadi mtaani? Tulibebewa 1.50.

WHO walikuwa kwa njia panda. Machi 2017 walishusha Depo daraja moja kwa wanawake walio kwa hatari kubwa ya HIV: tumieni, lakini muambiwe kuna shaka.

Kura ikarushwa

Njia ya kutoa keg kwa hesabu ni moja: usiache watu wajichagulie. Unarusha kura. Hapo wale wenye bwana mtembezi, wale wanatumia kondomu, wale hawatumii, wote wanajigawa sawasawa kila upande bila mtu kupanga.

Ndio wakafanya ECHO. Wanawake 7,829 wa miaka 16 hadi 35, sehemu 12: tisa Afrika Kusini, na moja moja Eswatini, Zambia na hapa kwetu Kisumu. Wote walikuwa wanataka kupanga uzazi na wakakubali kura iwaamulie: 2,609 Depo, 2,607 koili ya shaba isiyo na homoni, 2,613 ya mkono. Kuna watu walilia kwamba kumpangia mwanamke njia kwa kura si poa, na sioni kama walikuwa wanalia bure. Lakini kuendelea kudunga mamilioni bila kujua nayo ingekuwa poa aje?

Juni 13, 2019, pale Durban, wakatoa matokeo. Wenye walipata virusi: Depo 143, koili 138, ya mkono 116. Ukilinganisha Depo na koili, namba ni 1.04. Ile 1.50 imeyeyuka. Agosti mwaka huo WHO wakarudisha Depo daraja la kwanza, bila ile shaka.

Usinielewe vibaya, ECHO si injili. Ilijengwa kunasa tofauti kubwa, ya kama asilimia 50. Kama kuna ongezeko dogo, ingeweza kulipita. Depo dhidi ya ya mkono ilikuwa 1.23, na mwanya kutoka 0.95 hadi 1.59, so mtu mwenye anataka kubishana bado ako na pa kushika. Tena hakukuwa na kikundi chenye hakikupewa njia yoyote, ju huwezi chukua mwanamke amekuja kutafuta uzazi wa mpango umwambie wewe kaa hivyo tu. Lakini kati ya tafiti 18 za kujichagulia na moja ya kura yenye watu karibu elfu nane, mimi naenda na ya kura, na sifikirii mara mbili.

Ju wengi watauliza: so kuunganisha tafiti ni upuzi? Zii. Inategemea nini imeingia kwa sufuria. Kama ushago kwenu ni Kisumu, unakumbuka kampeni ya tohara. Hiyo nayo ilisimama juu ya tafiti za hatari ya HIV, lakini zilikuwa tatu tu: Orange Farm kule Afrika Kusini, Rakai kule Uganda, na Kisumu yenyewe, wanaume 2,784. Zote tatu zilikuwa za kura. Zote tatu zilisema tohara inapunguza hatari ya mwanaume kupata virusi kwa nusu ama zaidi. Cochrane wakaziunganisha 2009 na hakuna kitu kilibadilika. Tatu safi, nchi tatu tofauti, jibu moja. Serikali ya Kenya ilikuwa ishaanza kampeni 2008.

Kuna keg nyingine yenye haionekani kabisa: tafiti zenye hazikuchapishwa. Mtu akifanya utafiti akose kupata kitu, mara nyingi unalala kwa droo. Ukiunganisha zilizotoka pekee, umehesabu mabao ya timu moja.

Na ile ya uvimbe wa ubongo?

Najua umeiona kwa TikTok, mawakili wa Marekani wakitafuta wateja. Hiyo inatoka kwa utafiti wa Ufaransa wa Machi 2024, na namba yenye inazunguka ni "mara tano". Fanya kama tulivyofanya. Waliangalia wanawake 18,061 wenye walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa uvimbe unaoitwa meninjioma, na wengine 90,305 wenye hawana. Wenye walikuwa wametumia Depo: 9 kwa kikundi cha kwanza, 11 kwa cha pili. Ni hao tu. Mara tano ya kitu adimu sana bado ni adimu sana, na namba yao ilikuwa na mwanya mpana, kutoka mara 2 na kitu hadi 13. Lakini hii siitupi kama ile ya 1.50. Utafiti mwingine wa Marekani ulielekea upande huo huo, ingawa namba yake ilikuwa ndogo zaidi, na tayari ilijulikana kuna homoni za familia hiyo zenye huukuza uvimbe wa aina hii. Kondomu haiwezi elezea meninjioma. Kwa hii, huwezi rusha kura ungoje, ni adimu mno. Kama umekuwa kwa Depo miaka mingi na una kichwa kinauma bila kuisha ama macho yanaanza kukusumbua, mwambie daktari umedungwa miaka mingapi. Kama huna, usiruke sindano yako ya mwezi huu kwa sababu ya wakili wa Texas. Ongea na nesi kwanza, ujue utahamia wapi.

Sasa, kuna namba moja ya ECHO yenye ilipita hivi hivi wakati kila mtu alikuwa anashangilia kwamba Depo imeosha jina. Jumlisha 143, 138 na 116. Ni 397. Wanawake 397 walipata virusi ndani ya utafiti, wakiwa wanapewa kondomu, wakipimwa, wakishauriwa. Ni karibu 4 kwa kila 100 kwa mwaka. Koili, sindano, ya mkono, haikujalisha. Tulitumia miaka mingi tukiuliza kama sindano ndiyo mshtakiwa, na virusi vilikuwa vinaingia kwa milango yote mitatu, kwa sababu hakuna hata moja ya hizo njia ilijengwa kuvizuia.

Ndio maana sindano nyingine inakuja na jina la lenacapavir, mara mbili kwa mwaka, na hii imejengwa kuzuia virusi. 2024 yalitoka matokeo ya kuijaribu kwa kura Uganda na Afrika Kusini, kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 wenye walidungwa, wenye walipata virusi walikuwa sufuri. Sasa subiri uone: mwezi wenye itafika kliniki ya mtaani, mtu atasema "si mlisema sindano inaleta virusi?", na Gatwekera yote itakuwa inaongea kuhusu sindano mbili tofauti kabisa kama ni moja. Akikuuliza, mwambie hiyo ya kwanza ni Depo, na umtumie hii link.